Macho yamepimwa ni mazima, mbona naona viwili viwili?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, usingizi umegoma. Mke wangu kanitamkia mbele ya kaka yake kwamba macho yangu huuma ikitajwa ada ya watoto tu. Mbele ya shemeji, Shangazi! Angenisema chumbani ningenyamaza.

Mimi napiga baruti hapa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, kazi niliyoanza ujanani. Wenzangu wanachoronga matundu kwenye mwamba, mimi nashindilia baruti na kuwasha. Maisha yetu unayajua: mshahara hakuna, tajiri mwenye mgodi anatoa chakula, mgodi ukitoa mawe ndipo tunagawana. Nisiposhuka sipati hata hicho cha kusubiri. Sasa ni mvivu gani huyo anayejinyima mwenyewe?

Nikiwasha utambi naona tambi mbili, zimekaa sambamba, kila moja na moto wake. Nikiziba jicho moja, unabaki mmoja. Nikipanda juu, jua linanichoma hadi kisogoni. Kusoma meseji, muda mfupi tu maandishi yanaogelea na kichwa kinagonga. Hospitalini walinipima jicho la kulia, wakanipima la kushoto, herufi nikazisoma hadi mstari wa chini. Wakaandika macho mazima. Karatasi hiyo ndiyo mke wangu anayoinyanyua kila tukigombana, na ndiyo aliyompa kaka yake aisome.

Daktari mwingine, kijana tu, alinisikiliza. Akasema mshindo wa mara kwa mara unaweza kutikisa ubongo hata kama jiwe halijakugusa, macho mawili yakashindwa kwenda pamoja ingawa kila moja peke yake linaona vizuri. Askari wa Marekani waliopigwa na milipuko Iraki na Afghanistan nao walilalamika hivyohivyo. Akaniambia nipime na presha ya macho, maana jicho lililopata mshindo laweza kuja kuharibika baada ya miaka. Kumweleza mke wangu, akacheka: "Tangu lini ukawa askari wa Marekani?" Wale angalau walikuwa na uwazi. Sisi huko chini mshindo hauna pa kutokea, unaturudia wenyewe.

Kazi siachi, hilo tusilijadili. Mama watoto pia simwachi, ila nikikumbuka shemeji alivyokuwa anaitazama ile karatasi, natamani nimrudishe kwao hata mwezi. Nilitaka unishauri nimfanyeje aniombe radhi mbele ya huyohuyo kaka yake.

Halafu kuna kijana ninayeshuka naye, mtoto wa jirani, husimama nyuma yangu nikiwasha. Hajui kwamba siku hizi naziba jicho. Nimwambie? Tajiri akisikia, baruti atapewa mwingine na mimi nitabeba udongo, na nyumbani nitasemwa zaidi ya hapa. Tafadhali nijibu mapema, Jumatatu tunapiga tena.

Msomaji wako, Mirerani