Hiyo barua ya mtendaji kliniki inatoka wapi?

Mhariri habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi, nawasoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, najua huwa mnazikata barua zikiwa ndefu, hii naomba msiikate sana, ni kuhusu mjamzito asiye na mwenza kudaiwa barua ya mtendaji, yule afisa wa serikali ya mtaa, ndo apokelewe kliniki.

Sisi huku kusini tunaishi kwa msimu. Korosho zikianza kuanguka mwezi wa 10 mji unajaa, malori, wachukuzi wa magunia, madalali, na wale wa kangomba, wanunuzi wa magendo wanaojificha na vibakuli vyao vya kupimia, hela inatembea mpaka Januari hivi halafu inapotea kama haikuwepo. Ukifika mwezi wa 3, mvua zinapiga, ghalani kweupe, ndo unaanza kuwaona mabinti wanapita hapa barazani kwangu wamejitanda khanga mbili kuficha tumbo na jua limetoka. Wageni walishaondoka, namba hazipatikani. Na wala sio wageni tu jamani tusisingizie watu, wengine baba yupo mtaa wa pili, kila asubuhi anapita na bodaboda yake anapiga honi kama hana habari.

Mwaka huu ilinigusa mwenyewe. Nina binti ananisaidia hapa, ana miaka 20, kamaliza form four. Kabla ya hapo alikuwa anabangua korosho kwa kulipwa kwa kilo, alivyokuja vidole vyote vyeusi, yale mafuta ya ganda yalimchuna ngozi mpaka kushika sindano ilikuwa shida. Siku moja anapiga pasi suruali ya mteja, akaiweka pasi pembeni taratibu, akatoka uani, nikasikia anatapika, akarudi akaendelea kunyoosha ileile suruali. Sikumuuliza. Siku ya tatu nikamuuliza. Unajua alinijibu nini? Hakusema nina mimba. Alisema, "Mama, sina hata mia."

Nimekaa na hilo neno mpaka leo. Maana watu wakisikia binti kapata mimba hakupanga wanakimbilia tabia, nani kamlea, unyagoni alifundishwa nini, wakati yeye hapo alipo anapiga hesabu. Mwenzie mmoja alishamwelekeza kwa mtu wa vidonge vya uchochoroni, alikuwa anatafuta hela ya kupeleka huko. Nikamwambia kaa chini kwanza. Sheria ya nchi yetu kila mtu anaijua nusunusu: anayemtoa mtu mimba kinyume cha sheria kifungo chake kinafika miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, inaruhusiwa pale daktari anapookoa maisha ya mama. Mimi si hakimu, sipo kumtisha mtu na jela, mimi nimeshaosha maiti ya jirani yangu aliyefia ndani kwa mambo hayohayo kwa sababu aliogopa kwenda hospitali akijua atakamatwa. Kwa hiyo hata kama mtu ameshafanya, damu inatoka au homa imepanda, aende hospitali saa hiyohiyo, huduma ya mimba iliyoharibika ipo na kazi ya nesi ni kumtibu.

Basi binti akalala nayo siku mbili, akasema atazaa. Uamuzi wake sio wangu. Nikamwambia nenda kliniki mapema, kabla ya wiki 12 ndo wanavyotaka siku hizi.

Hapo ndo kilichonifanya nishike kalamu. Akafika zahanati (siitaji jina, naweza kukosa hata panadol pale) saa 1 asubuhi na daftari lake jipya, akakaa kwenye benchi na wenzake, zamu yake ilipofika saa 5 akaulizwa mbele za watu, mwenza yuko wapi? Akasema hayupo. Kasafiri? Hayupo. Basi kalete barua ya mtendaji kwamba huna mwenza ndo tukuanzishie kadi. Hakupimwa damu, hakupewa hata kidonge kimoja. Akaenda ofisi ya mtendaji, kuna watu kama watano wanasubiri mambo ya viwanja, akaulizwa kwa sauti mimba ya nani, akaambiwa elfu mbili ya karatasi na muhuri. Hana. Akarudi kwangu kwa miguu. Jioni nimeenda bombani kuchota maji naulizwa, eti yule binti wako ana mimba ya nani? Yaani siri aliyoificha mwezi mzima ofisi imeimaliza kwa siku moja!

Sasa Mhariri naomba wahusika watujibu kupitia gazeti lako, hiyo barua inatoka kwenye mwongozo gani? Ninavyoelewa mimi wizara inahimiza mwenza aje ili wapimwe wote virusi vya Ukimwi, jambo zuri sana, mimi mwenyewe mume wangu nilimburuta. Lakini kuhimiza ni kuhimiza, sio kumfungia mlango asiyekuwa naye. Ukimrudisha binti siku ya kwanza umemnyima kipimo cha wingi wa damu, kaswende, virusi, umemnyima dawa za kuongeza damu, chandarua, SP za kuzuia malaria, na malaria ya ukanda huu wa kwetu hatuhitaji kuhadithiwa. Na umemfundisha kwamba ofisi za serikali ni za kumuaibisha. Huyo harudi. Utamwona mimba ikitimia miezi 9 anakuja na bodaboda usiku uchungu umeshakolea.

Mimi nilienda naye kesho yake, nikaongea kidogo (nikaongea sana, ukweli usemwe), akapewa kadi bila barua. Kumbe inawezekana! Sasa yule asiyekuwa na mtu wa kuongea?

Kingine ni kwamba vitu vya kumsaidia vipo ila kila kitu tumekipata kwa kuuliza uliza, hakuna aliyetuambia tukiwa kwenye benchi. Huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali sera inasema ni bure, sawa, ingawa glovu na beseni tunajua wenyewe tunanunua, ndo maana nimemwekea kopo hapa, kila mteja akilipa tunatupia jero au buku, kufikia siku yake vifaa vitakuwa vimetimia. Usafiri wa dharura, namba 115, unapiga bure wanatafuta gari la kumfikisha mama hospitali, huo mpango wa m-mama nimeusikia kwa mteja wangu. Hivi hiyo namba si ingeandikwa hata kwa mkaa ukutani pale zahanati?

Halafu ustawi wa jamii. Watu huku wakisikia ustawi wanajua ni kwa wanandoa wanaogombana. Kumbe Sheria ya Mtoto ya 2009 haiangalii kama mmeoana, mtoto ana haki ya matunzo kwa baba na mama, na baba akikataa afisa ustawi wa halmashauri anamwita, ikishindikana mnaenda mahakamani, vinasaba vinapimwa kwa Mkemia Mkuu. Afisa tuliyemkuta alikuwa mtu mzima ana adabu, alifunga mlango kwanza ndo akauliza maswali, nikasema kumbe mlango unafungika. Jamaa mwenyewe namba yake bado haipatikani lakini jina na kwao vimeshaandikwa, akirudi na msimu atalikuta faili lake. Ofisi hiyohiyo ndo anakoenda mama anayeona kabisa hawezi kulea, kuna malezi ya kambo na kuna kuasili kwa kufuata sheria kupitia mahakama. Binti hakutaka kusikia hilo, bibi yake wa Newala ameshasema mtoto ni wa ukoo wao hata baba asipojulikana, na sisi huku damu tunahesabu kwa mama kwa hiyo hapo hapana mjadala. Ila kuna asiyekuwa na bibi. Bora ajue huo mlango kuliko tuokote kichanga kwenye mikorosho.

Kwa walio shuleni nao, tangu Novemba 2021 serikali ilishatangaza anayeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi akishajifungua, na bado nina wateja hapa wameuza sare za watoto wao wakidhani shule ndo imeisha. Wana ile namba 116 ya watoto pia, bure. Na nyie waajiri mnaofukuza wasichana wa dukani tumbo likionekana, kufukuza mtu kwa sababu ya mimba sheria ya kazi ya 2004 imekataza, likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Najua mtasema hana mkataba, na nani kamnyima huo mkataba?

Uzazi wa mpango siwezi kuuruka, wengine mnasubiri niseme. Sindano, vijiti, lupu vinatolewa kwenye vituo vya serikali bila kulipia, na mama anaweza kuwekewa baada tu ya kujifungua kabla hajatoka wodini. Nimeshamwambia. Kanijibu "Mama ngoja nizae kwanza", tukacheka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo Mhariri. Waganga wakuu wa wilaya, kuanzia hapa Masasi mpaka Tandahimba na Nanyumbu, watoe tangazo la mstari mmoja libandikwe mlangoni, mjamzito asiye na mwenza anapokelewa bila barua ya mtu yeyote. Chini yake waandike 115 na chumba cha ustawi kilipo. Karatasi moja tu, muhuri wanao.

Binti yupo miezi 7 sasa, ufuta unauzwa mjini kumechangamka kidogo, tuna sare za shule za kushona mpaka usiku. Vidole vimepona. Mabaki ya vitenge nilikuwa naweka kwenye mfuko nimpe mtu ajazie mito, juzi nimekuta ameyaunganisha yote, kashona kishuka cha mtoto, mishono imenyooka kuliko ya kwangu. Nimemwambia cha pili ashone cha kuuza.

Ni mimi Mama Fundi,
Masasi, Mtwara