Kondoo aliyetumbukia shimoni

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na mahindi yameanza kutoa mbelewele. Tangu tuagane pale msibani sijatulia juu ya lile tulilobishania hadi jogoo wa kwanza. Ulisema, tena mbele ya vijana wa kwaya, kwamba Yesu alikuwa Mweseni, yaani mtu wa lile dhehebu la Kiyahudi ambalo wengi hulihusisha na jumuiya iliyojitenga Qumran, na kwamba Kanisa lilizaliwa katika mapango ya huko, Yerusalemu likafika baadaye. Usiku ule sikuwa na Biblia mkononi. Sasa ninayo, na tafsiri ya zile hati za kale zilizokutwa katika mapango hayo nimeisoma upya toka mwanzo, kwa hiyo nipe nafasi nikujibu.

Yapo niliyokukubalia na leo siyarudii nyuma. Qumran iko kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Chumvi, na nyika aliyohubiri Yohana Mbatizaji haiko mbali na pale. Kanuni ya ile jumuiya inachukua Isaya 40:3, habari ya kuitengeneza njia ya Bwana nyikani, kueleza kwa nini wao walijitenga wakaenda jangwani. Marko naye anaanza Injili yake kwa aya hiyohiyo. "Wana wa nuru" wako kwao, na wako katika Yohana 12. Hata "matendo ya sheria", maneno ambayo Paulo anapambana nayo katika Wagalatia, yamo katika barua iliyotoka pango la nne. Mtu akiniambia Yohana aliwahi kukaa nao kwa muda, simkatalii. Lakini wanaochota maji kisima kimoja husikia habari zilezile na kuzisema kwa maneno yaleyale, kisha kila mmoja anarudi kwao.

Kuhusu Mwalimu wa Haki, yule kiongozi wa jumuiya anayetajwa katika hati zao, uliposema kwamba ndiye Yakobo ndugu wa Bwana, hapo sikufuati hata hatua moja. Huyo Mwalimu anatajwa katika ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki. Ngozi ya gombo lile ilipimwa umri wake kwa kaboni miaka ya 1990, ikaonekana ni ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, na wataalamu wanaokadiria umri kwa mwandiko walikuwa hawako mbali na hapo. Yakobo aliuawa mwaka 62 baada ya Kristo. Hati haiwezi kusimulia maisha ya mtu ambaye hajazaliwa.

Sasa nikupe kilichoninyima usingizi. Fungua Mathayo 12. Wanamuuliza Yesu kama ni halali kuponya siku ya Sabato, naye anawauliza: ni nani kati yenu ambaye kondoo wake mmoja akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamshika amtoe? Anauliza kama mtu anayejua jibu. Hasubiri hata wajibu. Kisha chukua ile Hati ya Dameski, maandishi yenye sheria za jumuiya, ambayo nakala zake zilikutwa Qumran, usome safu ya 11. Imeandikwa wazi kwamba mnyama akitumbukia kisimani au shimoni siku ya Sabato, asitolewe. Mwalimu, swali la Yesu lisingekuwa na nguvu yoyote Qumran. Wangemjibu, "Sisi hatumtoi." Alikuwa akizungumza na watu ambao tayari walimhurumia kondoo, akawavuta hatua moja zaidi wamhurumie yule mtu mwenye mkono uliopooza. Na watu wenyewe, Mathayo anatuambia, walikuwa Mafarisayo.

Hata habari ya kushirikiana mali, uliyoitegemea sana, nenda kaipime tena. Kule Qumran mgeni alikaa katika majaribio. Baada ya mwaka mmoja mali yake iliandikwa lakini haikuguswa, na mwaka wa pili ukiisha ndipo ilichanganywa na ya wote. Lakini kwa Wakristo wa kwanza, katika Matendo 5, Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa chini ya uwezo wake. Dhambi yake ilikuwa uongo. Moyo unafanana, utaratibu ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza ndugu wa karibu wa Wakristo wa kwanza ni akina nani, nakujibu bila kusita: ni Mafarisayo. Hesabu na mimi. Ufufuo wa wafu, Masadukayo waliukataa, Mafarisayo waliukiri. Aliyewatetea mitume barazani katika Matendo 5 ni Gamalieli, Farisayo. Matendo 15:5 inasema walikuwapo waamini wa madhehebu ya Mafarisayo ndani ya kanisa la Yerusalemu. Paulo katika Matendo 23 hasemi "nilikuwa", anasema "mimi ni Farisayo". Katika Luka 13 ni Mafarisayo wanaokwenda kumwonya Yesu kwamba Herode anataka kumwua. Na huyo Yakobo wako, Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba aliyemhukumu apigwe mawe ni kuhani mkuu Anano, Msadukayo, na waliochukizwa wakapeleka malalamiko ni watu waliokuwa makini sana katika sheria. Josephus hawataji kwa jina la madhehebu, lakini kwa maandishi yake mwenyewe sifa hiyo ni ya Mafarisayo. Anano aliondolewa baada ya miezi mitatu tu.

Hapa ndipo linaponiuma. Miaka yote hii madhabahuni nimelitumia jina lao kama tusi. Kwetu ukimwita mtu Farisayo umemwita mnafiki, na sisi wahubiri ndio tuliowafundisha watu hivyo. Naamini ukali wa Mathayo 23, Yesu anapowakemea Mafarisayo, ni ukali wa ndugu. Qumran iliteketezwa na Warumi mwaka 68, Hekalu likachomwa mwaka 70, na Masadukayo, ambao nguvu yao ilikuwa Hekaluni, wakafifia. Waliobaki wakigombea nyumba ya baba ni wale waliotokana na Mafarisayo na wale wa Yesu. Unajua ugomvi wa mirathi unavyokuwa mkali kuliko ugomvi na mtu baki. Sisi tuliokuja baadaye, tusiokuwa wa ukoo ule, tukaokota maneno ya ndugu tukawatukania Wayahudi wote, na historia inajua damu iliyomwagika kwa ajili hiyo.

Nadhani hata wewe unalipenda pango la Qumran kwa sababu hiyohiyo. Ukimtoa Yesu jangwani, humhitaji Farisayo hata kidogo. Nisamehe kama nimekusoma vibaya, lakini niandikie uniambie.

Mwezi ujao zamu yangu ya kuhubiri imeangukia Luka 18, mfano wa Farisayo na mtoza ushuru. Nimeandika nusu nikachana mara mbili. Ukipata likizo njoo na nakala yako ya zile hati, ile yenye safu ya 11 kamili. Yangu ukurasa huo umeliwa na mchwa pembeni, nami nataka kuwasomea watu mwenyewe habari ya yule mnyama shimoni.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Mwinjilisti