Hati ya kanisa iandikwe jina la nani?

Ndugu Mhariri,

Kila kigango kipya kinapojengwa hapa Dodoma huzuka hoja kwamba waliochangia saruji na mabati ndio washike hati ya umiliki. Hoja hiyo ilishajaribiwa Philadelphia, Marekani, na Wakatoliki ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland.

Kanisa la St. Mary's lilijengwa 1763 na kusajiliwa kisheria 1788. Waliolipia viti kanisani ndio waliopiga kura ya wadhamini walei, yaani waumini wasio mapadri, na wadhamini wakashika mali, wakakusanya fedha za viti na kumlipa padri. Desemba 1820 Askofu Henry Conwell, mzee wa Ireland aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia mjini, akamsimamisha Padri William Hogan, naye mtu wa Ireland. Wadhamini wakamng'ang'ania padri wao. Hata alipotengwa na Kanisa 1821 aliendelea kuhudumu pale pale, kwa kuwa askofu alikuwa na mamlaka lakini funguo na mshahara vilikuwa kwa wadhamini. Uchaguzi wa Aprili 1822 uliishia kwa waumini kutwangana matofali uani mwa kanisa. Mwaka 1826 Conwell akakubali wadhamini wawe na sauti katika uteuzi wa mapadri, Roma ikakataa. Wadhamini walisalimu amri 1831, Askofu Francis Kenrick aliposimamisha ibada zote. Pasipo misa, nani atalipia kiti?

Basi iandikwe jina la askofu? Mtaguso wa Baltimore wa 1829, yaani mkutano wa maaskofu wa Marekani, ulielekea huko, ila hati yenye jina la mtu huandamwa na mirathi na madeni yake. Kule Cincinnati, padri aliyekuwa ndugu wa Askofu Mkuu John Purcell alikuwa akipokea na kutunza akiba za waumini. Akiba hizo ziliposhindwa kurudishwa 1878 deni lilikaribia dola milioni 4, na wadai wakaenda mahakamani kudai mali za kanisa zilizoandikwa jina la askofu.

Sheria ya New York ya 1863 ilipata njia nzuri zaidi: wadhamini watano, yaani askofu, makamu wake, paroko na walei wawili.

Kwetu ipo Sheria ya wadhamini, Sura ya 318, inayosimamiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na mali huandikwa jina la bodi iliyosajiliwa. Shida ni kamati za ujenzi kununua kiwanja kwa jina la mwenyekiti, eti "kwa muda tu". Akifariki, kiwanja kinaorodheshwa kwenye mirathi na watoto wake wanakigawana. Jina la bodi liwemo kwenye mkataba wa mauziano siku ile ile fedha zinapolipwa.

Mwalimu wa historia,
Dodoma