Mafuriko ya Thailand yaandikwe kwa jimbo na mto

Mhariri,

Habari za mafuriko ya Thailand huandikwa kana kwamba nchi nzima hunyeshewa kwa pamoja, ilhali pepo za kusini-magharibi huleta mvua kuanzia Mei hadi Oktoba, na pwani ya mashariki ya rasi ya kusini hupata mvua zake kubwa Novemba na Desemba. Mwaka 2011, mabwawa ya Bhumibol na Sirikit yalipojaa, maji ya mto Chao Phraya yaliteremka kwa wiki nyingi hadi Ayutthaya na viunga vya Bangkok. Zaidi ya watu 800 walifariki. Inaniuma kuona Bangkok pekee ikitajwa, huku wakulima wa mpunga, ambao mashamba yao huzama kwanza, wakisahauliwa. Naomba waandishi wenu wataje jimbo na mto.

Msomaji wenu,
Tanga