Barua ya wazi kwa mdogo wangu mkunga: kitoe kile kitabu cha michoro sandukuni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Kuanzia Makete mpaka Kyela wako wakunga waliokuwa wakichora, wakiimba kwaya au wakifuma, kisha wakaambiwa hayo ni ya utotoni, waliyoingia sasa ndiyo kazi. Uliponipigia ukasema kitabu chako cha michoro umekifungia sandukuni, eti mkunga hana muda wa sanaa, niliumia. Najua umechoka. Zamu ya usiku kwenye baridi ya Rungwe, wakunga wawili na wodi imejaa, si mchezo. Lakini kwa hili siko upande wako.

Tena kuchora hujaacha. Kila mama anayeingia leba unamfungulia partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na partografu ni mchoro. Unaweka X kadiri njia inavyofunguka, O kadiri kichwa kinavyoshuka, na nukta kwa mapigo ya moyo wa mtoto. Vile viboksi vya uchungu unavijaza nukta uchungu ukidumu chini ya sekunde 20, mistari ya mshazari ukiwa wa sekunde 20 hadi 40, na ukizidi 40 unavijaza wino wote. Madaktari Philpott na Castle walipouchapisha mchoro huo mwaka 1972, wakiwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walimfikiria mkunga wa kituo cha mbali ambaye lazima ajue mapema kwamba huyu mama apelekwe hospitali. Yule mkunga ndiye wewe. Jicho lako linalosoma mstari ukianza kulala ndilo lile lililokuwa likichora migomba ya nyumbani hadi mishipa ya majani.

Kuna mwanamke mmoja natamani ungekutana naye. Anaitwa Angélique du Coudray, mkunga wa Ufaransa. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa kibali cha kuzunguka nchi akifundisha ukunga, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini wasiojua kusoma. Hakuwabebea vitabu tu. Alishona kiuno cha mwanamke kwa kitambaa na ngozi, akakishindilia, akakiwekea mtoto wa kitambaa, kitovu na kondo la nyuma, wanafunzi wakashika kwa mikono yao mtoto anavyogeuka na anavyotoka. Kimojawapo kipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho mjini Rouen. Sindano na uzi, mdogo wangu! Wewe unaniambia sanaa haina kazi leba.

Sasa sikiliza ninachotaka tufanye: tushone chetu cha kuwafundishia kina mama kliniki. Kitambaa nitatafuta soko la Mwanjelwa. Mfuko wa uzazi nitaushona kwa flaneli nyekundu, mdomo wake niupitishie lastiki ili ufunguke polepole mtoto akisukumwa. Mtoto nitamjaza pumba na mchanga uliochekechwa hadi afike kilo 3, maana mwanasesere mwepesi anadanganya mikono. Kitovu nitakisuka kwa kamba tatu, mbili nyembamba na moja nene, kama mishipa ilivyo. Kondo nalitaka lenye pande mbili: upande wa mtoto laini, mishipa imetawanyika, upande wa mama umegawanyika vipandevipande, ili mama aelewe kwa nini mnaligeuzageuza mkihakikisha hakuna kilichobaki ndani.

Halafu kuna Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa. Wanawake wa Ikombe wanaofinyanga vile vyungu vinavyouzwa soko la Lyulilo pale Matema wanaweza kutufinyangia vibakuli kumi, kimoja mdomo wa sentimita 1, cha mwisho sentimita 10, kama njia ya mtoto inavyofunguka hadi mwisho. Viwekeni mezani siku ya kliniki. Binti mwenye mimba ya kwanza aingize vidole viwili kwenye cha 4, kisha ashike cha 10. Hakuna maelezo yatakayomfanya aelewe vizuri zaidi kwa nini mnamwambia asubiri, asianze kusukuma.

Kuhusu nyimbo nina msimamo mkali kidogo. Sizipendi zile zinazokuja na mradi na fulana, zinazomfokea mama aje kliniki utadhani hajui thamani ya mtoto wake. Waimbe wenyewe, watunge wenyewe. Huku kwetu kila mwanamke wa pili ni mwanakwaya, Mmoraviani au Mlutheri, sauti ya pili anaipata hata akiwa usingizini. Uingereza ulichapishwa utafiti mwaka 2018 uliohusu kina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua, na kati ya wale waliokuwa na hali nzito, walioimba kwa vikundi na vichanga wao walipata nafuu mapema kuliko waliopata huduma ya kawaida. Gambia nao wameimba na wajawazito wakishirikiana na Kanyeleng, vikundi vya wanawake waliohangaika kupata watoto au waliofiwa nao. Sisi tuna benchi la kliniki ambapo kina mama wanakaa saa nzima kimya wakishika kadi.

Na maigizo yawepo, ila mama ndiye aigize nesi. Mpeni koti jeupe, wewe lala kwenye mkeka uwe mzazi. Utasikia jinsi wanavyosemeshwa wakiwa na uchungu, neno kwa neno, na baadhi ya maneno yatakuchoma. Ningependa uyasikie pale kwenye mkeka kuliko mama aende nayo nyumbani asirudi kujifungulia kituoni.

Ulinisimulia pia habari ya yule dada ambaye mtoto wake hakulia, akabaki na kofia ya sufu aliyokuwa ameifuma nusu. Ulikaa naye, akakuomba umshikie uzi, akaimalizia palepale kitandani, mtoto akazikwa nayo. Ulisema ulijisikia huna msaada wowote. Mimi naona ulimpa alichohitaji, na sidhani kama kuna kozi iliyokufundisha hilo. Liandike. Lichore, bila jina wala sura. Mikono miwili na uzi inatosha.

Desemba 2023, UNESCO ilipoketi Kasane, Botswana, iliuingiza ujuzi wa wakunga na desturi zao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nigeria na Togo zilikuwa miongoni mwa walioomba. Tanzania haikuwamo. Bibi zetu waliozalisha Tukuyu nzima wanaondoka na nyimbo zao, na wewe ndiye uko nao jirani, penseli unayo.

Muombe mganga mfawidhi ile meza ya dirishani, karibu na mizani. Nitumie na mzunguko wa kichwa cha kichanga, mimi nimeweka sentimita 35, unihakikishie kabla sijakata kitambaa. Basi la asubuhi litakuletea mzigo ukishonwa.

Dada yako,
Mbeya