Mhariri, domeini sio hostingi

Mhariri, shikamoo kama umri unaruhusu, kama hauruhusu basi za saizi.

Nimesoma ule ukurasa wenu wa biashara mlipowashauri wajasiriamali wafungue websaiti, ushauri mzuri sina ugomvi nao, ila pale mlipoandika "nunua domeini yaani hostingi" niliweka gazeti chini nikacheka kwa uchungu, maana hiyo "yaani" ndo ilinila mimi msimu mzima wa sare.

Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule, na oda zangu kubwa zinaingia kuanzia Novemba mpaka shule zikifunguliwa Januari. Miaka ya nyuma kijana mmoja alinitengenezea websaiti na imeili yenye jina la duka, akaniambia mama kila mwaka utakuwa unalipia hostingi, nikawa nalipa, risiti zote ninazo kwenye kopo la vifungo. Sasa Desemba moja nafungua websaiti yangu nakutana na ukurasa nisioujua, umejaa matangazo matangazo tu, na imeili kimya. Nikajua tayari, nimedukuliwa. Napiga simu kule nakolipia, binti akanijibu kwa upole tu, mama mafaili yako yapo salama kwenye seva, ile kompyuta inayotunza websaiti, na umelipa mpaka mwezi wa sita, kilichoisha muda ni domeini. Nikamuuliza si ndo hiyo nayolipia? Akasema hapana mama, hiyo hujawahi kulipia kwetu.

Nilikuja kuelewa baada ya mpwa wangu kunieleza kwa lugha ya sokoni. Hostingi ni fremu, unapanga, mzigo wako unakaa mle ndani. Domeini ni jina la duka, na jina halikai ndani ya fremu, linasajiliwa sehemu nyingine kabisa. Kila seva duniani inajulikana kwa namba, hiyo wanaita IP, na hakuna mteja atakaekariri namba, anataja jina. Sasa nani anajua jina fulani lipo fremu gani? Hapo ndo kuna neimseva, we ichukulie kama kijiwe cha bodaboda, mteja anataja jina pale kijiweni anapelekwa mpaka mlangoni. Jina langu lilipoisha muda kijiwe kikabadilishwa, wateja wakawa wanapelekwa kwenye ule ukurasa wa matangazo, huku fremu yangu imejaa mzigo na pango limelipwa. Na barua zina maelekezo yake pale pale kijiweni, inaitwa rekodi ya MX, kwa hiyo jina likifa imeili nazo zinakufa, na hata mtu akihamisha neimseva akasahau kunakili hiyo MX unaweza kukuta websaiti inapepea ila barua hazifiki, shule inakutumia oda we huna habari unafikiri mwaka huu watu hawazai.

Kingine ambacho wengi hatukijui, domeini hainunuliwi jamani, inakodishwa. Ni kama ardhi yetu tu, hati ni ya miaka 33, 66 au 99, ila kwenye domeini za .com kama yangu mwisho wa kulipia kwa mkupuo ni miaka 10, na wengi tunalipa mwaka mmoja mmoja afu tunasahau. Majina ya .com daftari lake kuu liko Marekani kwa kampuni ya Verisign, haya ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa hapa nyumbani, ila we hauendi huko moja kwa moja, unapitia kwa msajili, kampuni inayowasajilia watu majina, na msajili anamtambua yule aliyejiandikisha kwake. Aliyejiandikisha kwenye jina la duka langu alikuwa nani? Yule kijana. Jina lake, imeili yake, simu yake.

Sikumuita mwizi na sitamuita. Alikuwa amepata kazi Dodoma, namba kabadilisha, na vile vikumbusho vya kulipia vilikuwa vinaenda kwenye imeili ambayo hata yeye hafungui tena. Tulimpata kupitia shangazi yake baada ya wiki kadhaa, na hapo ndo nikajifunza hesabu ya kifo cha .com. Ikiisha muda msajili anaweza kukupa mpaka siku 45 za kulipa kawaida, wengine wanakupa pungufu kwa hiyo usizitegemee, ikipita hapo zinakuja siku 30 za kukomboa ambazo kuna faini, afu siku 5 za mwisho ambazo hakuna cha kufanya ni kuangalia tu, halafu inaachiwa yeyote aichukue. Sisi tulimkuta kwenye zile 30, nikalipa karibu mara saba ya bei ya kawaida. Tulipotaka kubadilisha iwe jina langu na kuihamishia kwa msajili mwingine tukaambiwa ukibadilisha mmiliki inaweza kufungwa siku 60 isihame, tena hiyo nikaipenda, ni kinga ya wezi. Mpwa akanipa onyo moja, usijisajili kwa kutumia imeili ya domeini hiyo hiyo, siku ikifa na nywila umesahau ile linki ya kubadilisha nywila inatumwa humo humo, ni kama kufungia ufunguo ndani.

Nikajua yameisha. Wapi. Tumeshalipa, mpwa anaiona websaiti kwenye simu yake mi kwangu bado matangazo, nikamwambia unanidanganya. Kumbe mitandao ya simu na simu zenyewe zinakumbuka jibu la zamani la kijiwe kwa muda uliopangwa, wanauita TTL, inaandikwa kwa sekunde, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima, ndo maana mafundi wanakwambia subiri mpaka kesho, nilidhani ni lugha ya kukimbia simu.

Hayo mengine nayapitia juu juu. Hostingi ya bei chee ni nyumba ya kupanga, LUKU moja choo kimoja, jirani akianza kutuma spamu ile namba ya IP mnayochangia inaingia orodha nyeusi na barua zako nazo zinaanza kutupwa kwenye spamu bila kosa lako. Ukitaka chumba self chenye LUKU yake hiyo wanaita VPS, bei inapanda na usafi unafanya mwenyewe. Neno "unlimited" lisikusumbue, we si unajua mabando. Na kile kikufuli kwenye brauza, SSL, nilikuwa nakilipia elfu themanini kwa mwaka wakati Let's Encrypt wanatoa bure tangu 2015 na kwenye hostingi nyingi unakikuta kimeshawekwa, afu kikufuli chenyewe kinasema tu mazungumzo yamefungwa njiani, hakisemi mwenye duka ni mwaminifu, tapeli nae anacho.

Leo kabla hamjalaza gazeti ingieni Whois, lile daftari la wazi la mtandaoni la kuangalia jina limesajiliwa wapi, muandike jina la websaiti ya duka lolote mnalolijua, siku hizi mara nyingi jina la mwenyewe limefichwa ila msajili na tarehe ya kuisha mtaviona. Kisha muulizeni mwenye duka kama ana nywila ya kwa huyo msajili. Mi niliuliza wenzangu sita hapa sokoni, watano wakasema anayo fundi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye masahihisho ya toleo lijalo, ile "yaani" muitoe muweke "na".

Fundi sare,
Morogoro