Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari hadi Desemba 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, na ninyi mliotoka visiwa vya Praslin na La Digue kwa boti ya asubuhi,

Katiba ya jumuiya yetu, sisi Watanzania na Wakenya tunaofanya kazi Shelisheli, inanitaka nisome taarifa hii kabla mweka hazina hajafungua daftari lake. Mwaka jana nilisoma kurasa nane, nikainua macho nikakuta nusu ya ukumbi wamesinzia. Safari hii nimepunguza, na sehemu kubwa ya nilichoandika ni habari ya Oktoba, maana ndio mwezi uliokaribia kutuvunja.

Ya kawaida niyamalize upesi. Tulianza mwaka tukiwa wanachama 64, tumeumaliza tukiwa 71. Tulimsafirisha marehemu mmoja hadi Mombasa, na michango ilitimia siku ya tatu, Mungu awalipe. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, ingawa mwalimu analalamika kwamba wakivuka tu kizingiti wanarudi kwenye Krioli chao. Mechi yetu na Wamalagasi sitaizungumzia.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Sisi hatupigi kura hapa. Tuko Shelisheli kwa vibali vya kazi: walimu, mafundi, wahudumu wa hoteli, na kibali kinaandikwa na serikali ileile inayoshindaniwa. Ndiyo maana mkutano wa Februari uliazimia kwamba jumuiya haina chama, na kwamba hakuna atakayevaa fulana ya chama chochote kwenye shughuli yetu. Wapo walioniita mwoga. Walionitetea ni wale waliokuwapo mwaka 2023.

Kwa wageni nieleze. Mwaka huo Dk. Patrick Herminie, kiongozi wa chama cha upinzani cha United Seychelles, alikamatwa na kushtakiwa kwa mambo ya uchawi, pamoja na watu wengine kadhaa. Katika sakata hilo akatajwa Mtanzania aliyekamatwa uwanja wa ndege. Mashtaka dhidi ya Herminie yalifutwa mwaka 2024, lakini kwetu maneno hayakufutika. Dereva wa teksi akisikia unatoka Tanga anakuuliza kwa kicheko kama chupa za uganga umeziacha nyumbani. Mama mmoja wetu, mpishi, aliambiwa na bosi wake asiingie jikoni na kitambaa cheusi kichwani. Ilisemwa kwa utani, na yeye akacheka kama mfanyakazi anavyocheka mbele ya bosi, kisha akaja kulia barazani kwangu. Basi Herminie alipojitokeza kugombea urais 2025, humu ndani kila mtu alikuwa na hesabu yake: wapo waliotaka ashinde ili aibu iishe, na wapo walioogopa kwamba akishinda kesi itaanza kusimuliwa upya.

Nchi hii ni ndogo kiasi ambacho sisi wa bara tunachukua muda kukizoea. Wapiga kura walioandikishwa ni kama 77,000. Jimbo moja la Dar es Salaam linaweza kuizidi nchi nzima. Mwaka 2015, katika duru ya pili ya kwanza katika historia yao, Rais James Michel alimshinda mpinzani wake Wavel Ramkalawan kwa kura 193. Watu 193 mnawajua kwa sura. Ni abiria wa mabasi matatu ya kwenda Beau Vallon saa kumi na moja jioni. Ramkalawan alikwenda Mahakama ya Katiba, akashindwa. Mwaka uliofuata upinzani ukachukua Bunge, viti 19 kati ya 33, Michel akajiuzulu, makamu wake Danny Faure akashika urais. Oktoba 2020 Ramkalawan, padri wa Kianglikana aliyekuwa akigombea kwa mara ya sita, akapata asilimia 54.9. Hiyo ndiyo mara ya kwanza chama kilichotawala tangu mapinduzi ya 1977 kuondoka madarakani, na Faure aliyeshindwa alikuwapo pale matokeo yalipotangazwa.

Hayo mapinduzi ya Juni 1977 nayo sisi si wageni nayo. Rais James Mancham alikuwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na waliomwondoa kwa niaba ya waziri mkuu wake, France-Albert René, walikuwa watu waliopata mafunzo Tanzania. Baadaye vikaletwa vikosi vya Tanzania. Pale sokoni, mji mkuu Victoria, kuna mzee muuza samaki ambaye Kiswahili chake chote ni "simama", "lete maji" na "kesho". Alikiokota kwa askari. Anakisema akitabasamu, lakini mimi husita kila mara kabla ya kumjibu, kwa sababu sijui askari huyo alimwambia "simama" katika mazingira gani. Tume yao ya Ukweli, Maridhiano na Umoja wa Kitaifa ilisikiliza malalamiko ya miaka ile, na wengi wa waliotoa ushahidi bado wanapishana njiani na wale wanaolalamikiwa.

Kwa hiyo udogo una sura mbili, na katika miaka yangu kumi na mmoja hapa nimeziona zote. Waziri hawezi kujificha. Utakutana naye dukani ameshika mkate. Lakini anayejua kwamba waziri kala rushwa huenda ni shemeji yake, au mtoto wake anasubiri ajira wizara hiyohiyo. Kwenye vipimo vya Transparency International vya mwaka 2024 nchi hii ilipata alama 72, ya 18 duniani na ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Nchi hiyohiyo imeshuhudia watu wakikamatwa kuanzia 2021 kwa ajili ya dola milioni 50, fedha za msaada kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu za mwaka 2002. Karibu miaka ishirini ilipita. Mwenye nyumba wangu aliniambia kwamba watu walikuwa wakilinong'ona jambo hilo muda wote, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema kwa sauti.

Nirudi kwenye uchaguzi wa 2025. Duru ya kwanza ilimalizika tarehe 27 Septemba: Herminie asilimia 48.8, Ramkalawan 46.4. Hakuna aliyevuka nusu. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za makelele ya magari ya kampeni, habari za heroini inayomaliza vijana, gharama za maisha, na ile ardhi ya kisiwa cha Assumption iliyokodishwa kwa kampuni ya Qatar. Jumapili ya tarehe 12 Oktoba yakatangazwa matokeo ya duru ya pili: Herminie 52.7, Ramkalawan 47.3. Ramkalawan, aliyekuwa rais, akakubali, akampongeza mwenzake.

Mimi nilikuwa kibarazani. Majirani zangu wawili, kila mmoja na chama chake, wanatumia tangi moja la maji. Aliyeshinda alipiga honi barabarani hadi akachoka. Aliyeshindwa alitoka saa mbili asubuhi, amevimba macho, akagonga kwa mwenzake kumwambia kwamba bomba linavuja. Wakashuka wote wawili na spana. Nilisimama pale na kikombe cha chai hadi ikapoa, nikiwaza nyumbani.

Siku tatu baadaye, tarehe 15, Raila Odinga akafariki India. Wakenya wetu walikusanyika kwangu hadi usiku wa manane. Hata walioapa hawajawahi kumpigia kura walikaa. Matanga yale tuliyafanya bila mchango wa jumuiya. Kila mtu alileta chake, na mzee mmoja wa Kisumu alileta samaki wa hapa akiomba radhi kwamba si mbuta wala ngege wa ziwani kwao. Tarehe 26 Herminie akaapishwa. Tarehe 29 Tanzania ikapiga kura.

Hapa ndipo ninapotakiwa kujieleza.

Mnajua hali ilivyokuwa. Kiongozi wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, na chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Siku yenyewe maandamano, kisha intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Watu wetu walikuwa wakipiga simu Mbagala, Arusha, Mwanza, haziingii. Kundi letu la WhatsApp likawa tanuri. Video zisizojulikana zimetoka wapi, picha za maiti, mmoja anamwita mwenzake chawa, yaani mpambe wa watawala, mwenzake anamjibu kwamba wachochezi wako hapa kisiwani Mahé wanakula shelisheli za kukaanga huku watoto wa wenzao wanakufa. Hilo la mwisho liliandikwa na mtu ninayempenda.

Usiku wa tarehe 30 nikabonyeza kitufe: viongozi peke yao ndio waweze kuandika. Sikumuuliza katibu wala makamu. Nilijiambia nalinda umoja. Nikalala, nikidhani nimefanya la maana.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa Morogoro anayefanya usafi hotelini, yuko njiani kwenda zamu. Mdogo wake alikuwa hajulikani alipo tangu siku ya kura, na usiku ule alitaka kuuliza kundini kama kuna mwenye ndugu karibu na mtaa wao mwenye simu ya mezani. Akakuta hawezi kuandika. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwenyekiti, na wewe umezima."

Nilifungua kundi palepale, yeye akiwa bado amesimama mlangoni. Mdogo wake alipatikana siku nne baadaye, mzima, alikuwa amejificha kwa rafiki. Intaneti ilipoanza kurudi tarehe 3 Novemba tulikuwa tumeshasikia kwamba Rais Samia ametangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Humu ndani wapo waliolipokea hilo kwa furaha na wapo waliolipokea kwa hasira, na mimi nina langu moyoni, ila kazi mliyonipa haikuwa ya kuwasemea katika hilo. Kazi mliyonipa ilikuwa kuhakikisha kila mmoja anaweza kusema, na usiku mmoja niliwanyang'anya. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno hayohayo. Katibu alikuwa ameandika "kundi lilisitishwa kwa muda kwa sababu za kiufundi". Nimemwomba afute.

Kuna na hili la fedha. Wiki hiyo nilichukua rupia 2,600 kwenye mfuko wa msiba nikanunua muda wa maongezi wa kimataifa kwa wanachama tisa waliokuwa wakitafuta ndugu. Katiba inataka sahihi mbili. Nilikuwa na moja, yangu. Risiti ninazo za rupia 1,850. Zilizobaki nilinunua kwa kijana wa mtaani asiyetoa risiti. Mkaguzi wetu ameliandika, na alinijia kwa unyenyekevu mkubwa kuniuliza kama ningependa alilainishe. Nilimwambia aliache lilivyo. Nimeshazirudisha rupia 750 zisizo na ushahidi. Hizo 1,850 mtaamua ninyi leo, chini ya ajenda ya nne, kama zilikuwa matumizi halali au ni deni langu. Nitatoka nje wakati mnajadili.

Kuhusu uongozi. Nimetumikia vipindi viwili, na katiba yetu inasema viwili. Nimesikia kuna karatasi inayozungushwa kukusanya sahihi ili kifungu hicho kibadilishwe na mimi niendelee, kwa hoja kwamba mwaka ulikuwa mgumu na si vizuri kubadilisha nahodha. Nawashukuru waliosaini, na nawaomba karatasi hiyo waichane. Wenyeji wetu mwaka 2016 walipunguza vipindi vya rais kutoka vitatu hadi viwili. Sisi tukiongeza vya mwenyekiti wa watu 71, nitamwangaliaje machoni yule muuza samaki?

Wagombea ni wawili. Mwaka juzi nilipochaguliwa kwa tofauti ya kura tatu, mpinzani wangu alilalamika kwamba kura zilihesabiwa chumbani na mlango ukafungwa. Alikuwa na haki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyenufaika sikulisema wakati ule. Leo sanduku ni ile ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, iko pale mezani mnaiona. Kila karatasi itainuliwa juu kabla ya kusomwa, na kila mgombea amekaa na wakala wake. Watoto wa darasa la Jumamosi watapiga mistari ubaoni, kwa hiyo tafadhali msiwasemeshe wakati wa kuhesabu. Mara ya mwisho tulipata kura nyingi kuliko watu.

Boti ya kurudi Praslin inaondoka jioni, na wenzetu wa La Digue wana safari ndefu zaidi. Kwa hiyo nawakabidhi kwa mweka hazina sasa hivi. Daftari liko wazi ukurasa wa kwanza, na risiti zimebandikwa nyuma.